Kutibu mishipa ya miguu kwa leza: usidharau soksi

Watu wakisikia nimetibiwa mishipa iliyovimba miguuni huuliza bei, halafu kama inauma. Mimi huwauliza: umepimwa ultrasaundi ukiwa umesimama? Ile mishipa iliyotutumka na kujipinda kwenye kigimbi mara nyingi siyo chanzo. Chanzo kiko juu, kwenye vena ndefu, yaani mshipa wa kurudisha damu moyoni, inayopanda ndani ya paja hadi kwenye kinena. Vali zake, vile vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma, zikilegea, damu inayotakiwa kupanda inarudi chini na kutuama. Sisi tunaosimama kutwa, walimu, wasusi, wapishi, tunaijua ile miguu mizito ya jioni. Mtu akikutajia bei kabla ya kipimo hicho, mshukuru uondoke.

Tiba yenyewe haina makuu. Hulazwi wala hupigwi nusu kaputi. Wanatoboa tundu dogo karibu na goti, wanapitisha waya mwembamba wa leza ndani ya mshipa na kuuunguza mshipa huo hadi ujifunge. Kilichonikera ni sindano za ganzi, maana wanachoma kufuata paja lote. Wengine hutumia mawimbi ya redio badala ya leza. Kwa mgonjwa tofauti si kubwa. Vijishipa vinavyobaki huweza kuchomwa dawa ya povu baadaye.

“Sasa damu itapita wapi?” mama mkwe aliuliza. Swali la maana sana. Itapita kwenye vena za ndani kabisa, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu tangu zamani. Ndiyo maana lazima zihakikiwe kwanza kuwa ni nzima.

Ukishuka kitandani, tembea. Kigimbi kikijikaza kinasukuma damu juu, na hilo linapunguza hatari ya damu kuganda. Safari ndefu ya basi au ndege muulize daktari kwanza.

Halafu soksi za kubana. Kwa joto la Dar ni mtihani, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Zivae asubuhi kabla hujatoka kitandani, mguu haujajaa. Geuza soksi nje-ndani hadi kisiginoni, ingiza wayo, kisha uipandishe kidogokidogo ukiwa umevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Mafuta paka usiku. Mguu wenye mafuta soksi haipandi. Muda wa kuzivaa hutofautiana, fuata ulioambiwa wewe, siyo wa jirani.

Michubuko na kamba ngumu inayovuta pajani ni kawaida, hupungua yenyewe. Usiichue. Lakini mguu ukivimba ghafla na kuuma, au kifua kikabana na pumzi ikakata, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kliniki.

Tarehe ya kurudi kwa ultrasaundi usiiruke hata kama mguu umekuwa mwepesi, maana bonge la damu huweza kujificha bila maumivu. Na kama una bima, omba kibali cha maandishi mapema, eleza maumivu, uvimbe au kidonda ulichonacho. Wapo wanaoihesabu tiba hii kuwa ni urembo.