Muulize Mkunga: Mimba changa, kaunta ya benki na siri yangu

Swali

Shikamoo Mama. Nina miaka 29, ni keshia katika tawi la benki karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Nina mimba ya wiki nane. Naishi Kigamboni, kwa hiyo kila asubuhi navuka na pantoni. Kichefuchefu kimenishika, wala si cha asubuhi tu. Kinanifuata mpaka saa tisa alasiri. Wateja wetu wengi ni wachuuzi wa samaki. Noti wanazoleta zina unyevu na harufu, na lazima nizipange kwa mkono kabla ya kuzitia kwenye mashine ya kuhesabia. Juzi nilimwacha mteja dirishani nikakimbilia chooni. Mate yananijaa mdomoni, na mchana usingizi unanielemea.

Mwaka jana mimba yangu iliharibika ikiwa na miezi mitatu, na ofisi nzima ilikuwa inajua. Niliporudi kazini watu wakaniuliza tumbo limekwenda wapi. Safari hii anayejua ni mume wangu tu, na nataka ibaki hivyo mpaka nitakapokuwa tayari mwenyewe. Jirani yangu wa kaunta ameshaanza kunitazama, nikamwambia nina taifodi. Nifanyeje nimalize miezi hii? Na je, nalazimika kumwambia mwajiri sasa?

Msomaji, Kigamboni

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa yaliyokupata mwaka jana, na pole zaidi kwa maswali uliyokutana nayo uliporudi. Mimba nyingi zinazoharibika miezi ya mwanzo huwa na kasoro katika kromosomu, yaani vibeba urithi vya mtoto, tangu yai liliporutubishwa. Si kazi ya kaunta iliyokupotezea ile, wala si wewe. Na kunyamaza kwako safari hii ni haki yako. Bibi zetu hawakuitangaza mimba changa, na mimi niliyekaa miaka mingi kliniki ya wajawazito sioni sababu ya kukulazimisha uiseme. Ila wa kuwaficha uwachague vizuri, maana wapo usiopaswa kuwaficha.

Nianze na hiyo taifodi, kwa sababu imenishtua kuliko noti za samaki. Ofisini kwetu ukisema una taifodi, huruma ya watu huja na vidonge. Mmoja atakuletea antibayotiki alizobakiza nyumbani, wa pili atasema hiyo ni minyoo, wa tatu atakuja na chupa ya mitishamba aliyochemsha shangazi yake. Siprofloksasini, ambayo watu wengi huikimbilia dukani wakisikia taifodi, huwa tunaikwepa kwa mjamzito. Dawa za minyoo hatumpi katika miezi mitatu ya kwanza. Mitishamba ndiyo kabisa, hujui kilichomo wala kipimo chake. Sasa utakataa mara ngapi kabla wenzako hawajajiuliza ni mgonjwa gani huyu asiyetaka dawa?

Acha kutaja ugonjwa. Sema hivi: “Tumbo linanisumbua siku hizi. Nimeshaonwa hospitali, wananifuatilia.” Useme kwa sauti ya kawaida, halafu urudi kwenye kazi yako. Ukishakwenda kliniki, kila neno hapo ni kweli, hutahitaji kukumbuka ulimdanganya nani nini. Anayeendelea kuchimba mjibu maneno yaleyale, usiongeze hata moja. Maelezo marefu ndiyo yanayowafanya watu waanze kuhesabu miezi.

Kliniki yenyewe uende wiki hii. Nasisitiza kwa sababu nimewaona wengi waliowahi kupoteza mimba wakichelewa kwa makusudi, wakiogopa kukutana na mtu wanayemjua kwenye benchi, au wakisema ngoja kwanza nione kama hii itashika. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane, na la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Watakupima wingi wa damu, mkojo, presha, VVU, kaswende na malaria, na watakupa vidonge vya madini chuma na foliki asidi. Foliki asidi ina kazi kubwa hasa katika wiki hizi ulizonazo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinapojijenga. Waeleze bila kuficha kwamba mwaka jana mimba iliharibika, na ilikuwa na miezi mingapi. Kama unaogopa macho ya mjini, nenda kituo cha hukohuko Kigamboni. Kadi ya kliniki usiiache nyumbani kwa ajili ya siri. Itie mfuko wa ndani wa pochi. Ukianguka njiani, kadi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Sasa kichefuchefu. Kwa wengi huanza karibu na wiki ya sita, hupamba moto karibu na ya tisa, kisha hulegea kuanzia ya 12 hadi ya 14. Maana yake uko karibu na kilele chake, na hali hii ina mwisho. Adui yako mkubwa ni tumbo tupu. Usiku weka kipande cha mkate mkavu au biskuti zisizo na krimu kando ya kitanda. Ukiamka, kula kabla hujainua kichwa sawasawa, ukae kama robo saa, ndipo uteremke. Chai nzito ya maziwa na chapati ya mafuta viache kwa sasa. Kazini usisubiri saa ya chakula. Kila baada ya saa moja na nusu hivi tafuna kidogo: kiazi kitamu cha kuchemsha, ndizi mbivu, karanga chache. Maji kunywa kwa funda ndogondogo katikati ya vyakula, si pamoja navyo. Mtu akijaza tumbo maji juu ya wali, vyote hurudi.

Kwenye pantoni usikae katikati ya magari. Simama ubavuni upepo unakopiga, mbali na matenga ya samaki na moshi wa malori, na utazame ng'ambo, usitazame simu.

Kwa zile noti, vaa barakoa. Makeshia wengi huvaa kwa sababu ya vumbi la fedha, hakuna atakayeshangaa. Kabla ya kuivaa, kunja ganda la ndimu kwa vidole mpaka mafuta yake yatoke, uyapake kidogo upande wa nje wa barakoa, yasiguse ngozi. Hapo pua hukutana na ndimu kabla haijafika kwenye samaki. Nilikuwa nikiwafundisha hivi wauguzi wenzangu waliokuwa na mimba wakifanya kazi wodi ya majeraha, na waliniambia kinawasaidia. Kila ukimaliza bunda la noti za namna hiyo, nawa kwa sabuni isiyo na manukato. Vipande vyembamba vya tangawizi mbichi vitie kwenye kikopo kidogo, utafune kimoja harufu inapoanza kukupanda. Tangawizi imefanyiwa utafiti na inapunguza kichefuchefu kwa wengi.

Mate nayo ni mateso yasiyosemwa. Kuyameza muda wote huongeza kutapika. Tafuta kikombe cha safari chenye kifuniko, kisichoonyesha kilichomo, ufanye ndicho cha kutemea. Mbele ya macho ya watu unakunywa chai. Kimwage na ukioshe mwenyewe. Ukwaju kidogo mdomoni husaidia. Nakuomba tu usianze kula udongo, hata ukitamani namna gani na hata wakikwambia ni wa Pemba na ni msafi. Unazuia madini chuma kufyonzwa, na unaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu na mayai ya minyoo. Ukiutamani, waambie kliniki, mara nyingi ni damu inayopungua.

Usingizi wa mchana hauna dawa ila kulala. Saa ya mapumziko kula haraka, kisha inamisha kichwa mezani dakika 20. Na jioni kazi za nyumbani mumeo azishike. Siri anaijua, basi na mzigo ausaidie.

Kama haya yote hayatoshi, kliniki wanaweza kukupa dawa. Ipo vitamini B6, peke yake au pamoja na doksilamini, nayo imetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi. Usijinunulie dukani, na dawa yoyote ukiinunua kwa shida nyingine mwambie mfamasia una mimba. Yeye si ofisi yenu.

Kuna mtu mmoja kazini ninayekushauri umtayarishe, naye si jirani yako wa kaunta. Ni msimamizi wa makeshia, kwa sababu ndiye anayeweza kumweka mtu dirishani kwako. Mfuate asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, umwambie: “Nina jambo la kiafya ambalo daktari analijua. Kwa wiki chache huenda nikahitaji kutoka kaunta ghafla. Naomba tukubaliane ishara, na naomba libaki kati yetu.” Hujataja mimba. Akihisi, ahisi. Mpe na namba ya mumeo kwa dharura. Na hata kichefuchefu kikubane vipi, funga droo na utoke kwenye mfumo kabla hujainuka, maana fedha zikipungua jioni utaulizwa wewe. Mfuko wa plastiki usiovuja uwe kwenye droo ya chini kwa siku ambayo choo kitakuwa mbali.

Kuhusu sheria, tulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umpe mwajiri taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Wiki ya nane haikulazimishi kitu. Likizo yenyewe ni siku 84 kwa malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kukuachisha kazi kwa sababu ya mimba si halali. Ukizidiwa, mwombe daktari ED, yaani cheti cha kupumzika kazi, ya siku chache, na umwombe asiandike zaidi ya muda wa kupumzika unaohitaji. Ila kama wangekuhamishia kazi yenye hatari kwa mimba, hapo ningekushauri useme mapema. Sheria inamkataza mwajiri kukupa kazi ya namna hiyo, lakini hawezi kukulinda na asichokijua.

Siri yote iweke pembeni na ukimbie hospitali kama kila unachokunywa kinarudi kwa siku nzima, kama mkojo umekuwa mchache na mweusi, ukitaka kuzimia, ukipata homa, ukiona damu, au ukisikia maumivu makali chini ya tumbo upande mmoja. Homa usiihesabu kuwa ya mimba. Pima malaria siku hiyohiyo. Wakati huo ofisi wakijua, na wajue.

Swali la pili

Mama, mimi ni msimamizi katika kiwanda cha kushona nguo Morogoro. Mshonaji mmoja siku hizi anakwenda chooni mara kwa mara na anatapika. Nahisi ni mjamzito. Nimuulize?

Baba wa watoto wawili, Morogoro

Jibu

Usimuulize, baba, na usimtume mwanamke mwenzake akamchunguze. Habari itafika kwa mafundi wote kabla ya saa ya chai, na kama umekosea utakuwa umemwaibisha mgonjwa. Wala usithubutu kumtaka alete kipimo. Sheria niliyoitaja juu inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito.

Unachoweza kumuuliza ni kazi: “Kuna kitu hapa nikubadilishie?” Akisema hapana, muache. Hesabu ya mara anazokwenda chooni nayo iache. Mjamzito anayebana mkojo au anayejinyima maji hupata maambukizi ya njia ya mkojo kwa urahisi. Kama mnayo sehemu ya pasi za mvuke, ya dawa za kutoa madoa au ya kubeba marobota, waambie wafanyakazi wote kwamba anayehitaji kubadilishiwa aje kwako faragha, bila kujieleza mbele ya wenzake. Akija, mbadilishie siku hiyohiyo.