Kanuni za mtihani wa uhasibu: zipi ukariri, zipi uzijenge papo hapo

Kabla hujafungua daftari la kanuni, tafuta mtihani uliopita wa somo lako uone kama bodi huambatisha karatasi ya kanuni. Baadhi hutoa, baadhi hawatoi. Iliyomo kwenye karatasi hiyo usipoteze usiku kuikariri. Jifunze kuisoma, yaani kila herufi inasimama badala ya nini na kwa kipimo gani. Watu wanaanguka na kanuni sahihi iko mbele ya macho yao.

Chukua ile ya kiasi bora cha kuagiza: kipeuo cha pili cha (2 × gharama ya agizo moja × mahitaji ya mwaka ÷ gharama ya kutunza kitu kimoja kwa mwaka). Swali linasema mahitaji ni vitu 1,000 kwa mwezi, kila agizo linagharimu 30, bei ya kitu ni 20 na utunzaji ni 10% ya bei kwa mwaka. Mtego uko kwenye neno "mwezi". Utunzaji ni 2 kwa mwaka, kwa hiyo mahitaji nayo lazima yawe ya mwaka: 12,000. Jibu ni vitu 600. Ukiingiza 1,000 unapata kama 173, namba isiyotia shaka yoyote ukiitazama tu. Ndiyo maana kanuni hii ina kipimo chake cha kujihakiki: kwenye jibu sahihi, gharama za kuagiza kwa mwaka zinalingana na za kutunza. Maagizo 20 × 30 ni 600. Wastani wa vitu 300 ghalani × 2 ni 600. Zikipishana sana, rudi kwenye vipimo.

Sasa zile usizopewa. Ukijikuta na orodha ya kanuni sitini, ujue umeandika kanuni chache mara nyingi kwa majina tofauti. Eneo linaloongoza kwa ugonjwa huu ni tofauti kati ya gharama sanifu, yaani iliyopangwa kabla ya kazi, na gharama halisi. Vitabu hutoa kanuni ya bei ya malighafi, ya matumizi ya malighafi, ya kiwango cha ujira, ya ufanisi wa kazi, na kuendelea. Badala ya zote hizo, shika ngazi ya mistari mitatu:

Kilicholipwa kwa kweli.
Kiasi halisi × bei sanifu.
Kiasi sanifu cha uzalishaji halisi × bei sanifu.

Tuseme bidhaa moja inatakiwa itumie kilo 3 kwa bei ya 5 kwa kilo. Zimetengenezwa bidhaa 400, zikala kilo 1,260 zilizogharimu 6,048. Mstari wa kwanza ni 6,048, wa pili 1,260 × 5 = 6,300, wa tatu 400 × 3 × 5 = 6,000. Kutoka wa kwanza kwenda wa pili ni tofauti ya bei: 252, nzuri, maana umelipa pungufu. Kutoka wa pili kwenda wa tatu ni tofauti ya matumizi: 300, mbaya, maana kilo 60 zimetumika zaidi ya stahili. Jumla ni 48 mbaya, na ndiyo hiyo hiyo 6,048 ukitoa 6,000. Weka saa mahali pa kilo na ujira mahali pa bei, umemaliza upande wa kazi bila kanuni mpya.

Kosa linalojirudia liko mstari wa tatu: mtu anaweka bidhaa za bajeti badala ya zilizotengenezwa. Kama bajeti ilikuwa bidhaa 440, mstari huo unakuwa 6,600, na tofauti ya matumizi inageuka kuwa 300 nzuri. Namba ile ile, upande wa pili kabisa! Bidhaa za bajeti zina kazi yake kwenye tofauti ya ujazo ya gharama zisizobadilika, na hapo ngazi hii haikusaidii. Hiyo isome peke yake. Angalia pia kama malighafi iliyonunuliwa ni nyingi kuliko iliyotumika, kwa sababu tofauti ya bei mara nyingi hupimwa kwenye manunuzi.

Faida juu ya gharama na faida juu ya mauzo hazihitaji kanuni, zinahitaji kuandika mstari mmoja. Faida ikiwa 25% ya gharama: gharama 100, faida 25, mauzo 125. Mauzo yakiwa 250,000, gharama ni 250,000 × 100/125 = 200,000. Anayekata 25% ya mauzo anapata 187,500, na kosa hilo la 12,500 linaingia hadi kwenye bidhaa zilizobaki.

Ya kukariri kweli kweli ni ile ya muda kupungua kadiri kazi inavyozoeleka, kama haipo kwenye karatasi. Ni muda wa kitu cha kwanza × idadi ya vitu ikipandishwa kwa kipeo. Inatoa wastani wa muda wa vitu vyote, wala si muda wa kitu cha mwisho. Kwa kiwango cha 80%, yaani wastani unashuka hadi 80% yake kila idadi inapoongezeka maradufu, cha kwanza kikichukua saa 100, wastani wa viwili ni 80, jumla 160, kwa hiyo cha pili kimechukua 60. Kipeo chake ni logi ya 0.8 ÷ logi ya 2, yaani −0.3219. Kiingize kwenye kikokotoo ndani ya mabano. Ukipata wastani wa saa 195 kwa vitu vinane badala ya 51.2, alama ya kutoa imedondoka.

Kwa mazoezi, andika kanuni kwenye karatasi tupu bila kuchungulia, kesho yake, baada ya siku 3, kisha baada ya 7, na kila mara malizia kwa swali lenye namba. Kando ya kila kosa andika neno moja: kipimo, alama, au mstari. Baada ya wiki mbili utajua ni lipi linalokula alama zako. Na usikadirie desimali katikati ya hesabu. Acha namba nzima kwenye kikokotoo, ukadirie mwisho tu, huku hatua zote zikiwa zimeandikwa, maana msahihishaji hawezi kukupa alama ya njia asiyoiona.