Maswali na Majibu: Boti ya utafiti Ziwa Tanganyika, tununue, tujenge au tukodi?

SWALI: Habari za kazi. Taasisi yetu iko Kigoma. Tumepata fedha za mradi wa miaka minne wa kuchunguza dagaa na migebuka pamoja na hali ya maji ya ziwa. Kuna boti ya aluminiamu inauzwa Ulaya: urefu mita 15, upana mita 4.6, imetumika baharini miaka 12, na ina winchi yenye waya wa mita 1,500. Bei yake inavutia. Je, tuinunue, tujenge nyingine hapa, au tukodi? Na matengenezo yakoje kwenye maji baridi?

JIBU: Msiinunue. Boti yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, lakini kabla ya bei kuna swali ambalo wanunuzi wengi hulifikia wakiwa wameshasaini: nani atakitoa chombo hiki majini, wapi, na kwa vifaa gani?

Boti ya utafiti inapaswa kupandishwa chelezoni (kwenye reli ya kuvutia vyombo nchi kavu) angalau mara moja kila miaka miwili. Kwa hiyo nendeni kwanza kwa wenye chelezo ziwani, muulize uzito wa juu wanaoweza kuvuta, upana wa kitoroli chao, na kina cha maji mwisho wa reli. Mkapime wenyewe. Miaka ya karibuni ziwa limepanda sana na kuzamisha sehemu za bandari na fukwe, hivyo vipimo vya michoro ya zamani vinaweza kuwadanganya. Mkishapata namba hizo tatu, hapo ndipo mnajua ukubwa wa boti mnayoweza kumiliki. Kikubwa kuliko hapo mtakuwa mnakitazama kikioza mkiwa mmefunga mikono.

Kisha kuna safari ya kutoka Dar es Salaam. Kontena la futi 40 lina upana wa ndani wa mita 2.35 na urefu wa mita 12 tu. Boti ya upana wa mita 4.6 haiingii, na haikatiki. Itabebwa kwenye lori kama mzigo usio wa kawaida, kwa kibali cha TANROADS (wakala wa barabara), kusindikizwa njiani, na kupimwa kila daraja, kwa zaidi ya kilomita 1,200. Ombeni bei ya usafiri huo kwa maandishi kabla ya kusema boti ni rahisi. Hata meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye masanduku na kuunganishwa upya Kigoma. Njia hiyo bado inafaa: mabamba yaliyokatwa kwa kompyuta kiwandani hulala vizuri ndani ya kontena, na mafundi huyalehemu pale pale ziwani.

Sasa waya wa mita 1,500. Kweli Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini swali lenu ni la dagaa na migebuka. Samaki hao wanaishi kwenye maji yenye oksijeni, na oksijeni hiyo inakwisha kwenye kina cha kati ya mita 100 na 200 hivi, kutegemea uko kaskazini au kusini mwa ziwa na msimu gani. Kupima samaki kwa sauti, mita 200 zinatosha. Kwa joto, oksijeni na virutubisho, mita 300 zinawapa picha karibu yote mnayoihitaji. Waya wa milimita 5, mita 500, una uzito wa kilo 50 hivi. Waya wa milimita 6, mita 1,500, unapita kilo 200, bado hujahesabu ngoma kubwa, mota kubwa na fremu nzito ya kuubeba. Uzito huo wote uko juu ya sitaha. Na mzigo unaponing'inia kwenye kapi, uzito wake unafanya kazi kana kwamba uko kwenye kapi lenyewe, mita tatu au nne juu ya sitaha, siyo kule chini majini unakouona. Ndiyo maana winchi moja iliyozidi kipimo hukuza boti nzima. Chagueni winchi kwanza, boti ije baadaye.

Msisahau mita za ziada kwa ajili ya waya kulala. Kusi ikivuma, kuanzia Mei hadi Septemba, boti inasukumwa na waya unaenda mshazari. Ukiwa umetoa mita 300 na waya una nyuzi 30 kutoka wima, kifaa kiko mita 260, siyo 300. Chupa za kuchotea maji zinazofungwa kwa kirungu cha kuteleza kwenye waya ndizo zinazoteseka zaidi, maana zikijifunga kwenye kina kisichojulikana data yote ya siku hiyo ni ya kubahatisha. Fungeni kipimo cha mgandamizo kwenye chupa ya mwisho.

Mkiamua kujenga, ushauri wetu ni boti ya chuma, mita 13 hadi 14, injini mbili ndogo za dizeli, mwendo wa noti 8 (kilomita 15 hivi kwa saa). Kwa upimaji wa samaki kwa sauti mwendo huo unatosha, na urefu huo unafika noti 8 bila kulazimisha injini. Chuma ni kizito kuliko aluminiamu na kinapata kutu, lakini kikitoboka Kigoma, Kalemie au Mpulungu, utampata fundi mwenye mashine na vijiti vya kulehemu. Aluminiamu ya daraja la 5083 inataka mashine ya kulehemu ya MIG, gesi ya argoni, waya wa 5356 na mkono uliozoea. Argoni ikiisha ziwani, kazi inasimama.

Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (feni ya kuisukumia hewa) hupoteza nguvu kama asilimia 1 kwa kila mita 100, yaani asilimia 7 hadi 8 hapa, na zaidi ya 11 Ziwa Victoria. Propela iliyopimiwa baharini itaielemea injini hiyo: inashindwa kufika mizunguko yake kamili, inatoa moshi mweusi, na pistoni zinaumia. Mwagizeni muuzaji apige hesabu ya propela kwa mwinuko huu. Kuhusu boti kuzama zaidi kwa kuwa maji baridi ni mepesi, kwa chombo cha tani 20 ni sentimita moja hivi. Pitieni tu.

Eneo ambalo pesa hupotea kimya kimya ni kelele. Mashine ya kupima samaki kwa sauti, kwa mfano Simrad EK80 ya kilohezi 70 au 120, inasikia kila kitu: jenereta, kigeuza umeme cha bei nafuu, propela iliyopinda, viputo vinavyopita chini ya mkuku (uti wa chini wa boti). Kabla ya kupokea boti, wekeni mashine hiyo kwenye hali ya kusikiliza bila kutuma sauti, kisha pandisheni mizunguko ya injini hatua kwa hatua, 200 kwa 200, huku mkiandika kelele. Mara moja na jenereta ikiwaka, mara moja ikiwa imezimwa. Liandikwe kwenye mkataba kwamba majaribio haya ni sehemu ya makabidhiano. Mashine ilishwe na betri zake, na kigeuza umeme kiwe cha wimbi safi. Kwenye mipangilio, chumvi iwe sifuri; ikiachwa ya bahari, mwendo wa sauti unakosewa na kina nacho kinakosewa. Kila safari ya upimaji ianze kwa kusawazisha kwa tufe la tangisteni kabidi la milimita 38.1, asubuhi maji yakiwa yametulia, likiwa mita 15 hivi chini ya kitoa sauti. Lipakwe sabuni ya vyombo kwanza ili viputo visilishike.

Kwa manunuzi ya umma mtapitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Andikeni kazi inayotakiwa, siyo jina la kampuni: mzigo, kina, mwendo, saa za kukaa majini, kiwango cha kelele. Malipo yafuate hatua za ujenzi, na asilimia 10 ibaki hadi muda wa dhamana uishe. TASAC, shirika la uwakala wa meli, ambao ndio wasajili na wakaguzi wa vyombo, waone michoro kabla chuma hakijakatwa. Winchi na fremu zikishafungwa, daini jaribio la uthabiti (kuona kama boti haitapinduka) lifanywe upya.

Kukodi kuna nafasi yake. Ikiwa mnahitaji safari mbili za ziwa zima kwa mwaka, na siku nyingine ni sampuli za kila wiki karibu na Kigoma, kodini meli kwa safari ndefu, nanyi mmiliki boti ndogo ya mita 8. Mashine ya sauti inaweza kufungwa kwenye nguzo ubavuni. Kwa mradi wa miaka minne, bila taasisi iliyokubali kurithi chombo, sisi tungechagua njia hii, hata kama boti mpya inapendeza kwenye picha za uzinduzi.

Matengenezo. Boti iliyotoka baharini huja na anodi za zinki, yaani vipande vinavyofungwa ili viliwe na kutu badala ya bodi. Kwenye maji baridi zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Mtu huziona nzima akafurahi, kumbe chuma ndicho kinacholiwa. Kwa bodi ya chuma wekeni za magnesiamu, na zisipakwe rangi. Pimeni kwa mita ya volti na elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba: milivolti hasi 850 ndiyo kinga ya chini inayokubalika. Ikipita sana hasi 1,100, rangi itaanza kutoa malengelenge, punguzeni anodi. Kwenye aluminiamu kuzidisha ni hatari zaidi, na kamwe isipakwe rangi yenye shaba.

Chuma ziwani huoza zaidi kutoka ndani. Ngama (sakafu ya chini kabisa ndani ya boti), nyuma ya mataruma (mbavu za boti), chini ya matangi, mahali ambapo maji ya mvua na jasho la bodi hulala na hakuna anayepapiga mswaki. Kila mkipandisha chelezoni pimeni unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na bamba lililopungua kwa robo libadilishwe. Anzeni kupima chini ya choo na chini ya betri.

Maji ya Tanganyika yana pH karibu 9 na yamejaa kaboneti, hivyo mabomba ya kupozea yanayotumia maji ya ziwa moja kwa moja hujenga ukoko wa chokaa. Mfumo uliofungwa, wenye mabomba ya kupozea nje ya bodi, ni bora, na Ziwa Victoria unaokoa pia na magugu maji. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yana salfidi ya haidrojeni. Inaua vipima oksijeni vya aina ya zamani vyenye utando na kugeuza shaba nyeusi. Nunueni vinavyopima kwa mwanga, na suuzeni kila kifaa kwa maji safi kikitoka.

Dizeli ya mapipa iache itulie siku nzima, ivutwe sentimita 5 juu ya sakafu ya pipa, ipite kichujio cha kutenganisha maji cha maikroni 10. Oili na vichujio kila saa 250 au kama mtengenezaji anavyosema. Mpira wa pampu ya maji, mikanda, starta na alteneta vya akiba vikae ndani ya boti. Waya wa winchi kateni mita 2 za mwisho kila mwaka na kufunga upya.

Tengeni kwa mwaka kama asilimia 10 ya bei ya chombo, nje ya mafuta. Mafuta ni kama lita 0.2 kwa kila nguvu farasi kwa saa: boti inayotumia farasi 100 kwa noti 8 inakunywa lita 20 kwa saa, na kupita ziwa lote la kilomita 670 kwa mstari mmoja ni saa 45, yaani lita 900 kabla ya jenereta na kabla ya kwenda zigizaga. Nahodha na fundi wa injini walipwe hata miezi ambayo hakuna safari, maana fundi aliyeondoka anaondoka na sikio linaloijua injini hiyo. Na mkivuka kwenda maji ya Burundi, DRC au Zambia, vibali vya kuchukua sampuli vianze kuombwa miezi kadhaa kabla.