Mpini Kwanza, Kichwa Baadaye: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Fimbo za Gofu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, ninacheza gofu Nairobi na handikapu yangu (mapigo ya ziada ninayopewa) ni 19. Aironi zangu (fimbo za kichwa chembamba cha chuma) zina mipini ya chuma, na siku hizi kiwiko kinaniuma. Wapo wanaonishauri nihamie kwenye grafaiti (mipini ya nyuzi za kaboni), na wapo wanaosema grafaiti ni ya wanawake na wazee. Nifuate lipi? Aidha, kuna haja ya kununua draiva (fimbo ndefu ya pigo la kwanza) yenye kichwa cha titani?
Mstaafu, Nairobi

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Mpini wa chuma wa aironi huwa na uzito wa kati ya gramu 95 na 130, ilhali wa grafaiti mara nyingi huwa kati ya gramu 55 na 85, na juu ya wepesi huo grafaiti hupunguza mtetemo unaopanda mikononi kila mpira unapogongwa nje ya kitovu cha uso wa fimbo. Kwa kiwiko kinachouma ningechagua grafaiti bila kusita, baada ya daktari kukitazama, kwa maana hakuna mpini unaotibu. Hayo ya wanawake na wazee yapuuze: karibu wachezaji wote wa kulipwa hutumia grafaiti kwenye draiva, na wanaobaki na chuma kwenye aironi wana nguvu za kuumudu uzito huo na wanataka mpira uangukie umbali uleule kila mara.

Linalowaponza wengi Nairobi ni ugumu wa mpini. Herufi zinazochapishwa juu yake, kuanzia L na A kwa mipini laini, kupitia R, hadi S na X kwa migumu, hazina kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, hivyo R ya kampuni moja yaweza kuwa ngumu kuliko R ya nyingine. Kwa makadirio ya kawaida, R humfaa anayezungusha draiva kwa kasi ya maili 85 hadi 95 kwa saa, na A humfaa aliye chini kidogo ya hapo. Tatizo ni kwamba watu hukisia kasi yao kwa umbali wa mpira, na jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huongeza umbali huo kwa kiasi cha asilimia 6. Mpira unaoruka mita 190 Nairobi ungeruka kama mita 180 Mombasa kwa mkono uleule. Mtu hujiona kijana, akanunua S, kisha akashangaa mipira yote ikipotelea kulia. Pimwa kasi kwa rada, ikiwa mkufunzi wako anayo, kabla ya kutoa fedha. Hewa hiyohiyo hupunguza pia nguvu inayouinua mpira, kwa hiyo draiva yenye mwinamo (jinsi uso wake unavyoegemea nyuma) wa digrii 12 isikutie aibu.

Titani haina miujiza. Faida yake ni wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina uzito wa gramu 4.5 hivi, dhidi ya karibu 7.8 za chuma, na ndiyo sababu kichwa kinaweza kutanuliwa hadi sentimita za ujazo 460, kikomo cha kanuni, bila kuwa kizito, ili mpira uliogongwa pembeni usipotoke sana. Draiva iliyotumika itakutosha. Kama fedha zitabaki, ziache aironi namba 3 na 4 uchukue haibridi (fimbo zenye kichwa kinene kuliko cha aironi), kwa kuwa nyasi nene za kikuyu hushika shingo ya aironi na kuugeuza uso wake.

SWALI: Nimeahidiwa aironi za kufuliwa (chuma kilichopondwa kuwa umbo) kwa bei nzuri, lakini ninaishi Mombasa na ninahofia kutu. Je, ni bora kuliko za kumiminwa (chuma kilichoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu)?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hofu yako ina msingi. Aironi za kufuliwa kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma laini cha kaboni na kupakwa kromu. Kromu ikichubuka, upepo wa chumvi hauchelewi, kwa hiyo zifute na kuzikausha kila baada ya mchezo. Za kumiminwa kwa chuma kisichoshika kutu hazina usumbufu huo, na nyingi huwa na uso mpana unaosamehe. Hata hivyo, chuma laini hukunjika kwa urahisi fundi anapotaka kurekebisha mlalo wa fimbo (pembe kati ya mpini na ardhi), na mlalo ni jambo zito: bandika utepe chini ya kichwa, piga mpira juu ya ubao, uangalie alama. Ikiwa upande wa ncha ya kichwa, mbali na mpini, mlalo ni bapa mno na mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia huelekea kulia. Ikiwa karibu na shingo, fimbo imesimama mno na mpira huenda kushoto. Kama handikapu yako imepita 15, ningechukua za kumiminwa.

SWALI: Ninaweza kubeba fimbo 16 ili nijaribu weji mpya (fimbo za mapigo mafupi ya juu) mashindanoni?
Kijana, Arusha

JIBU: Hapana. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 tu, na ukizidisha utaadhibiwa. Zijaribu weji hizo uwanja wa mazoezi, kisha uache mbili nyumbani.