Acha kukariri mishale ya ced-3
Kuna mdogo wangu mmoja yuko mwaka wa pili baiolojia kanitumia meseji, eti kaka hii topiki ya seli kujiua kwenye minyoo, jeni za ced na mishale ya ipi inazuia ipi, nakariri usiku asubuhi kichwa cheupe. Nimecheka kidogo, maana juzi tu nimetetea tasnifu yangu ya minyoo hiyohiyo, C. elegans, na maprofesa wakapiga makofi, wakati kuna mwalimu aliwahi kunidhihaki mbele ya darasa kwamba nchi ina malaria wewe unakwenda kuchunga minyoo. Sijasahau bado.

Haya sikiliza. Usikariri, kaa na hadubini. Mnyoo mwenyewe ni milimita 1 hivi, anaonekana mpaka ndani, anatengeneza seli 1,090 za mwili halafu 131 zinakufa, zilezile kwa kila mnyoo, zinabaki 959. Seli inayokufa inakuwa kama kifungo cha shati kinachong'aa, kabla ya saa moja kupita jirani yake ameshaimeza. Sasa jeni ya ced-1 ikiharibika hakuna wa kumeza, maiti zinajaa hapo unaziona, na ndo mtafiti Horvitz na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipopatia: wakachukua minyoo ya hivyo wakatafuta ambayo haina maiti hata moja. Wakaipata ced-3, jeni inayoua seli. Mimi siku ya kwanza kuona mnyoo wa ced-3, seli zote zile za kufa zipo hai zimetulia, nilimwita kila mtu maabara aje aone.

Halafu swali la mtihani liko hapa: nani anamtuma nani? Ukiharibu jeni nyingine, ced-9, seli zisizotakiwa kufa zinakufa, kiinitete kinakwisha. Ukiharibu ced-9 pamoja na ced-3, zinaishi. Kwa hiyo ced-9 kazi yake kuizuia ced-3, na katikati yupo ced-4. Rudia hilo mpaka umweleze mtu bila daftari, jamani rudieni, vijana wa siku hizi mnapenda slaidi kuliko kufikiri.

Na atakayekucheka mwambie 1992 watafiti walichukua BCL-2, jeni ya binadamu iliyogunduliwa kwenye saratani, wakaiweka kwenye mnyoo na seli zikagoma kufa. Nobeli ya 2002 ilikwenda kwa Brenner, Horvitz na Sulston, wachunga minyoo.

Kama mtihani ni wiki ijayo anza na ced-9. Jeni ya egl-1 iache mwisho, yenyewe inaizuia ced-9 tu.