Ruzuku kwa vikundi vya watu mchanganyiko: anzeni na bajeti

Dada uliyeuliza kuhusu kikundi chenu cha Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, poleni kwa kukataliwa tena. Umesema mnafundisha ushonaji na kusoma na kuandika, wanachama ni Wakongo, Warundi, Wasomali na wenyeji Wanyankole, na wafadhili wanawarudishia jibu lile lile, kwamba andiko lenu la kuomba ruzuku "halionyeshi mnavyowafikia waliosahaulika". Nimeongoza kikundi kinachofanana na chenu kwa miaka, na nimewahi kukaa kwenye kamati ya mfuko mdogo unaogawa ruzuku kwa vikundi vya wakimbizi na wenyeji. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona kote kuwili.

Kwenye kamati tulikuwa tunaanza na bajeti. Maelezo ya miradi yanafanana mno: kila mtu ameandika wanawake, walemavu, wazee, vijana, makabila madogo. Bajeti haifanani. Ukiniambia utafundisha Wasomali na sioni shilingi hata moja ya mkalimani, najua watakuja siku ya kuandikishwa majina, kisha basi. Ukiniambia walemavu wamo, nauli yao iko wapi?

Kuna andiko moja la akina mama sitalisahau. Kurasa chache, Kiingereza cha kuungaunga. Lakini kwenye bajeti walikuwa wameweka mkeka na posho ya binti wa kuangalia watoto wakati mama zao wako kwenye cherehani, boda ya kwenda na kurudi kwa wawili wanaotembelea magongo, na chini ya ratiba wameandika: "Siku ya mgao hatufundishi." Hapakuwa na mabishano, lilipita. Aliyeandika vile anawajua watu wake, kwa sababu siku ya mgao wa msaada hakuna mama atakayekaa darasani, na mradi usiolijua hilo utaishia kuripoti mahudhurio ya uongo.

Kwa hiyo kabla hamjaandika tena, kaeni na kila kundi peke yake mwulize kinachowazuia kufika. Mama wa Kisomali atataja jambo ambalo Mnyankole hatalitaja, na mwenyeji anayetoka kijiji cha mbali atataja njia. Msiwaulize wote kwenye kikao kimoja, maana wenye sauti kubwa watajibu kwa niaba ya wengine. Kisha kila jibu lipewe bei. Mkalimani ni siku ngapi, kwa shilingi ngapi kwa siku? Mkituma nauli kwa simu, wekeni na ada ya kutoa, pamoja na ile kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa mtu akitoa pesa. Ni kidogo kwa mtu mmoja, lakini ikikusanyika mweka hazina ndiye anayetafuta pa kuitoa. Mkiajiri mwalimu wa mshahara, mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, na tangu sheria ilipobadilishwa 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Mfadhili akiliona hilo limeshahesabiwa, anatulia.

Wenyeji msiwaweke kama pambo. Utaratibu wa Uganda ni kwamba asilimia 30 ya misaada inayokuja kwa ajili ya wakimbizi iwaguse wenyeji pia. Kama kwenu Wanyankole ni wanachama kweli, waonekane kwenye kamati ya uongozi na kwenye watia saini wa akaunti. Hilo lina uzito kuliko aya nzima ya maneno.

Makaratasi sitayachambua sana. Sheria ya NGO, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali, ya 2016 inawatambua kama CBO (kikundi cha kijamii) ikiwa kazi yenu haivuki kaunti ndogo, na usajili unafanyika wilayani, kwenu Isingiro. Afisa maendeleo ya jamii ndiye wa kuanza naye. Ndani ya makazi mnahitaji pia baraka ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi. Katiba, mihtasari ya vikao, taarifa ya benki: viwe kwenye faili moja, maana tangazo likitoka muda huwa mfupi.

Umeuliza pia muombe wapi. Hali imekuwa ngumu, tusidanganyane. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikaacha kuendesha misaada, hivyo mashirika makubwa yaliyokuwa yanakula huko sasa yako nanyi kwenye foleni ya ruzuku ndogo. Ubalozi wa Japani Kampala una mpango wa ruzuku za mashinani, lakini ni wa majengo na vifaa, si mishahara. PDM wanayowatajia watu, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, si ruzuku: ni mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa kaya za Waganda, kwa hiyo wanachama wenu wenyeji waende huko wao wenyewe, nje ya kikundi.

Njia iliyobaki kwa wengi ni kupitia shirika kubwa. Hapa ndipo inaponiuma. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa waliahidi, kwenye makubaliano ya Grand Bargain, kwamba ifikapo 2020 angalau robo ya fedha za dharura ingeyafikia mashirika ya wenyeji moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka ukapita, robo haikufika. Vikundi vinafanya kazi, shirika linabaki na gari, ofisi na mhasibu. Mkipata mkataba wa namna hiyo, ombeni kuiona bajeti nzima na si kipande chenu tu, na mdai sehemu ya gharama za uendeshaji: kodi ya chumba, bando la intaneti, posho ya mweka hazina. Nimeona vikundi vikikubali ruzuku isiyo na hata senti ya hayo, na mwaka ulipoisha chumba kikafungwa kwa deni la kodi wakati cherehani mpya zimo ndani.

Kuhusu yule mwandishi uliyemtaja, anayejitolea kuwaandikia andiko kwa asilimia 10 ya ruzuku ikitoka: mkataeni. Wafadhili wengi hawaruhusu, na pesa hiyo hamtakuwa na mahali pa kuionyesha kwenye hesabu. Mkitaka msaada wake, mlipeni siku za kazi kutoka mfuko wa wanachama, arekebishe Kiingereza. Bajeti fanyeni wenyewe. Ukiiweka hapa bila majina ya watu nitaipitia mstari kwa mstari.