Risasi zikilia shuleni, nani aandike nini?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, mitandao ya kijamii huisaidia jamii au huidhuru wakati shule inaposhambuliwa kwa bunduki? Kwa maoni yangu, jibu liko mikononi mwa shule na polisi kabla halijafika kwa mtu mwingine yeyote. Wakisema mapema na wakasema kweli, mitandao huwa mkono wao wa kulia. Wakikaa kimya, wazazi watajaza nafasi hiyo kwa chochote watakachokipata, na hakuna wa kuwalaumu, kwa sababu watoto wao wako ndani.

Tazameni chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, tarehe 16 Aprili 2007. Wanafunzi wawili waliuawa bwenini kama saa 1:15 asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya kuwatahadharisha wanachuo ilitoka saa 3:26. Muda mfupi baadaye mshambuliaji yule yule aliingia jengo la madarasa la Norris akaua watu 30. Saa mbili zilipita watu wakienda madarasani kama kawaida. Mwaka 2008 sheria ya Marekani ikarekebishwa, vyuo vikatakiwa kutoa tahadhari mara tu hatari inapothibitishwa.

Kwa hiyo ujumbe wa kwanza usisubiri maelezo kamili. Uandikwe miezi kabla, ukiwa na nafasi za kujaza saa na jina la shule, na watu watatu wawe na idhini ya kuutuma bila kuomba ruhusa kwa mtu mwingine. Nasema watatu kwa sababu mmoja anaweza kuwa amejifungia chumbani na mwingine yuko safarini. Nywila za ukurasa wa shule ziwe pia kwa mtu aliye nje ya jengo, maana mara nyingi anayezijua ni katibu mmoja, naye saa hiyo amejificha chini ya meza. Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Shule imejifungia tangu saa 4:12 asubuhi, kumesikika milio ya risasi. Polisi wameitwa. Msije shuleni, msiwapigie watoto. Taarifa ijayo saa 4:30 hapa."

Huo unaenea kwenye SMS moja ya herufi 160. Utumwe kwa SMS na kwenye ukurasa wa shule kwa maneno yale yale, kwa sababu tofauti ndogo ya maneno huzaa ubishi. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Mzazi akijua taarifa nyingine inakuja saa 4:30, anaweza kusubiri. Na ikifika saa 4:30 pasipo jipya, andikeni hivyo hivyo kwamba hakuna jipya, mtaje saa inayofuata. Kinachovunja imani ni kuahidi saa na kuiacha ipite, au kutangaza jambo lisilo kweli. Huko Uvalde, Texas, Mei 2022, watoto 19 na walimu wawili waliuawa, na polisi walichukua dakika 77 kumfikia mshambuliaji. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Januari 2024 ilieleza pia jinsi familia zilivyopewa taarifa za uongo: kuna walioambiwa wasubiri basi jingine la watoto walionusurika, na basi hilo halikuwapo.

Sasa mtoto aliye ndani. Simu yake izimwe sauti na mtetemo pia, kwa kuwa simu inayotetema juu ya sakafu au dawati husikika hadi chumba cha pili. Mwanga wa skrini ushushwe, na ile taa ya nyuma inayomweka simu ikiita izimwe. Kisha aandike ujumbe mmoja kwa mtu mmoja: yuko chumba gani, wako wangapi, kuna aliyeumia au la. Asiuweke hadharani, kwa sababu mshambuliaji naye ana simu. Aliyepokea ujumbe huo apige namba ya dharura autoe kama ulivyo, bila kuongeza neno. Kuna maeneo ambako namba ya dharura hupokea SMS na mengine haipokei. Hilo liulizwe leo, wakati kuna utulivu.

Kumpigia mtoto kuna madhara mawili. La kwanza ni mlio. La pili ni mtandao wenyewe: simu ya sauti hushika njia yake kwenye mnara kwa muda wote wa mazungumzo, na maelfu wakipiga pamoja mnara hujaa, hata waokoaji wakakosa nafasi. SMS ni fupi, na isipopita mara ya kwanza mtambo huijaribu tena wenyewe.

Uvumi unaojirudia karibu kila tukio ni wa washambuliaji wawili au watatu. Sababu zake zinajulikana. Mlio wa risasi hurudi kutoka kwenye kuta na kusikika kama umetoka pande mbili. Mashahidi walioko milango tofauti humwona mtu yule yule kwa nyakati tofauti, kila mmoja akamweleza kwa mavazi tofauti. Polisi asiye na sare akionekana ameshika bunduki, picha yake husambaa kwamba ndiye. Uvumi huu una gharama: timu za polisi hulazimika kupekua jengo zima upya, na majeruhi wanazidi kusubiri.

Uvumi wa pili kwa ubaya ni wa jina. Newtown, Connecticut, Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Kwa saa kadhaa vyombo vya habari vilimtaja ndugu wa muuaji kuwa ndiye muuaji. Ukurasa wake wa Facebook ulisambazwa kwa wingi huku yeye yuko kazini New York, akilazimika kuandika kwamba si yeye. Kwangu mimi kanuni ni moja: jina lisitoke kwako kabla halijatoka kwa polisi. Hata likitoka, hakuna haja ya kulirudia. Umaarufu ndio baadhi ya wauaji hawa wanaoutafuta.

Video ina upande wa msaada na upande wa kuumiza. Kurusha mubashara kutoka dirishani huonyesha polisi wamesimama wapi, na mama anaweza kumwona mwanawe akianguka kabla hajaambiwa lolote. Lakini video hiyo hiyo ni ushahidi. Aliyeirekodi asiikate wala kuichuja. Asiwatumie wachunguzi kama video ya kawaida ya WhatsApp, kwa kuwa programu huibana na kuondoa taarifa za ndani za faili, kama saa na mahali iliporekodiwa. Aihifadhi faili halisi na kuiwasilisha kwa njia watakayoelekeza polisi. Kuhusu video ya muuaji mwenyewe sina mjadala: usiitazame, usiitume, iripoti. Baada ya shambulizi la misikiti ya Christchurch, New Zealand, mwaka 2019, Facebook ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 ndani ya saa 24 za kwanza, na milioni 1.2 kati yake zilizuiwa zikiwa zinapakiwa. Nyingine hupenya kwa sababu mtambo hulinganisha alama ya kidijitali ya faili, na mtu akipunguza ukingo au akibandika maandishi, alama hubadilika.

Admini wa kundi la wazazi ana kazi ambayo watu wengi huidharau. Taarifa ya kwanza ikifika, aweke mpangilio wa admini pekee kutuma ujumbe, abandike juu ujumbe rasmi wa shule, na afute kila sauti iliyorekodiwa na "mtu aliye karibu na polisi". Wawepo maadmini wawili, na mmoja asiwe mzazi wa shule hiyo. Mzazi ambaye mtoto wake yuko ndani hawezi kupima ukweli saa hiyo, na si haki kumtwisha mzigo huo.

Mahali pa kuwachukulia watoto patangazwe pakiwa tayari, wahudumu wapo na orodha ipo mezani. Pakitangazwa mapema, magari ya wazazi huziba barabara ya magari ya wagonjwa. Tangazo liseme mzazi aje na kitambulisho, na kwamba mtoto atakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu ya shule tu. Orodha za waliookolewa zisipigwe picha. Jina likikosekana kwa bahati mbaya, kuna nyumba itaanza kulia bila sababu.

Hapa naitendea haki mitandao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliochunguza tukio la Virginia Tech waligundua kwamba watu waliokusanya majina kwenye kurasa za mtandaoni waliwatambua wote 32 waliouawa kabla orodha rasmi haijatoka. Hakuna orodha moja iliyokuwa kamili, ila kwa pamoja majina yote yalikuwamo. Iliwezekana kwa sababu walibanana: aliyeleta jina aliulizwa amelijuaje. Swali hilo, "umejuaje?", linafaa kuulizwa katika kila kundi. Hata hivyo, familia iambiwe kwanza, ana kwa ana.

Michango ni hatari ya siku chache zinazofuata. Tumeni kwa akaunti iliyothibitishwa na familia au shule, si kwa kiungo kilicholetwa na mgeni.

Linalonisumbua zaidi ni vitisho vya watu wanaoiga shambulizi lililokwisha kutokea. Baada ya shambulizi la shule ya Oxford, Michigan, Marekani, la Novemba 30, 2021, vitisho vya mtandaoni vilifanya shule nyingi za jimbo hilo kufungwa kwa muda. Picha ya skrini ikizunguka, jina la aliyeandika hukatwa, tarehe hupotea, na kifupi cha jina la shule huanza kudhaniwa ni cha shule nyingine mbali kabisa. Ukiona kitisho, piga picha ya skrini nzima yenye jina la akaunti, nakili kiungo, andika tarehe na saa, peleka polisi na shuleni, kisha usimtumie mtu mwingine. Usikipuuze kwa kudhani ni utani: Parkland, Florida, watu 17 waliuawa Februari 2018, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikuwa imepigiwa simu kuhusu kijana aliyewaua Januari 5, ila taarifa haikufika ofisi yake ya Miami. Kwa hiyo aliyetoa taarifa aombe namba ya kumbukumbu, na asipojibiwa siku hiyo hiyo apige tena. Shule nayo iwaandikie wazazi kabla ya jioni: kitisho kimepokelewa saa ngapi, nani amekichunguza, kimeonekana ni nini, na kesho kuna masomo au hakuna.